Dawa ya Ndevu Niliyopaka Nikienda kwa Wakwe

Hii aibu siisemi mbele ya watu wa kanisa, lakini nyinyi ni watu wangu. Ilikuwa miaka ya sabini, nimeandikwa kwa duka Makindu, nampenda Mwende wa Nunguni, na baba yake, Mzee Ndunda, alikuwa mzee wa kanisa ambaye hata uji ukichacha anamwaga (kwake mbuzi za ntheo, zile za kuomba msichana, zinapokewa na chai, pombe hapana).

Asubuhi ya kupeleka mbuzi nikanyoa ndevu kwa wembe, na Kyalo, mwenzangu wa dukani, akanipa kichupa cha maji ya buluu: "Paka, bwana, utanukia kama meneja." Kiingereza ya kichupa ningesoma na nini, mimi wa darasa la tatu? Nikapaka, woi, ikachoma kama pilipili, halafu baridi, halafu moto, nikaona basi inafanya kazi. Na tulipofika kwa boma, mimi na wajomba, nikaongeza nyingi kwa sababu ya vumbi, ikaingia machoni, nikaingia kwa wakwe machozi yanatiririka, sioni, mbuzi ananivuta huku na huku.

Mzee akanishika mkono, akavuta harufu.

"Mwanake, kijana, umepitia wapi?"

"Natoka Makindu, mzee."

"Kwa watu ama kwa kilabu?"

Nikaapa sijaonja, nikatoa kichupa nijitetee. Mzee akampa Mwende asome.

"Baba, imeandikwa alkoholi."

"Aiya! Na anatembea nayo!"

"Lakini ni ya kupaka, baba."

"Uso wa mtu unataka pombe ya nini?"

Hapo mimi mwenyewe nikachanganyikiwa, maana kichwa kilikuwa kinazunguka kweli (sikuwa nimekula tangu jana, lakini nani angekumbuka), nikauliza mbele ya wote, "Kwani ngozi inaweza kulewa?"

Wajomba wakaangalia chini. Tukarudishwa na mbuzi zetu, bila chai.

Uso ukakauka, ukatoka magamba. Lakini Mwende alibaki na kichupa, na kila asubuhi kabla ya maombi alijipaka mkononi baba yake akimwangalia, mpaka ikaisha, na mzee akaona msichana halewi, ni mkono tu umekuwa mweupe na kupasuka. Ndipo akaniita tena.

Siku ya harusi, kabla mchungaji hajatuuliza neno, Mzee Ndunda aliinuka, akaja mbele, akaninusa shavu hili, akaninusa na lile, akarudi kukaa. Tangu siku hiyo ndevu zangu nimeziacha zikue.