Kiungulia cha Ergash

Kaka yangu Ergash ni mwokaji mikate hapa mjini Margilan. Siku tulipomzika mkewe, Sanobar, hakutoa chozi. Wanawake wakaanza kunong'ona, "Mwanamume ana roho ngumu huyu!" Nusura niwazabe vibao. Nilipomuuliza mwenyewe, aligusa kifua tu.

"Moto umo humu, Hadicha. Unapanda mpaka kooni. Ndivyo ninavyomlilia."

Nikaamini. Mwaka mzima nikaamini, mjinga mimi! Jioni alikuwa anakula kiporo cha pilau, mafuta ya mkia wa kondoo yameganda juu, kisha anajilaza papo hapo. Asubuhi anashindilia mkate na chai ya rangi, halafu anainama, kichwa ndani ya tanuri, kubandika mikate kwenye kuta zake za ndani. Akiinuka, uso umekunjamana.

"Sanobar huyo," anasema, kama anayetaja bei ya unga.

Sauti yake ilipoanza kukwaruza, nikamburuta zahanati.

"Sitaki dawa," akasema njiani.

"Hutaki dawa au hutaki kupona?"



Daktari Nigora akampima moyo kwanza. Mzima. Akamuuliza kama chakula kinamkwama, kama amekonda, kama anapata choo cheusi. Yote akajibu hapana.

"Unalala umeshiba, baba?"

"Ndiyo."

"Na kuinama, unainama umeshiba?"

"Mimi mwokaji, binti. Nisimame wima, mikate ijibandike yenyewe?"

Daktari akacheka. "Basi hicho ni kiungulia. Mlango wa juu wa tumbo umelegea, asidi inapanda inachoma koo. Kula mapema, kula kidogo, mafuta punguza, kitanda kiinue upande wa kichwa. Na vidonge hivi, kabla ya chakula."

"Kiungulia tu?"

"Kiungulia tu, baba."

Nilifurahi mno, jamani. Nikaweka matofali chini ya kitanda, nikampikia supu nyepesi, nikamsimamia kwenye vidonge kama mtoto. Moto ukazimika, sauti ikarudi.

Jana nimemkuta ameketi kando ya tanuri, mikate inaungua ndani, hana habari.

"Kifua tena?" nikamuuliza.

"Hakuna kitu." Akajibonyeza kifua, hapa, na hapa. "Hakuna kitu humu, Hadicha. Ilikuwa asidi."

Akashusha mkono.

"Kumbe Sanobar sijamlilia."

Nikaitoa mikate mwenyewe.