Swila Kisimani na Mtungi wa Ubani

Nasema bila haya: mimi ndiye niliyemtoa swila kisimani, mzima, kwa mtungi wa udongo na kamba ya usumba wa nazi. Wengi walioshuhudia wameshatangulia mbele ya haki, lakini waliobaki waulizeni.

Nilikuwa mtoto wa mjini, Kikwajuni, nikaolewa shamba, huko upande wa Paje, miaka ya hamsini ndiyo kwanza inaanza. Nilikwenda na sanduku langu la nguo na jambo moja alilonifunza mama yangu: maji ya kunywa hayatiwi mtungini mpaka mtungi ufukizwe ubani. Mama mkwe alicheka akashika mbavu. "Maji ya mjini hayo," alisema. "Mimi msinipe." Na kweli, mwaka mzima hakuonja hata kata moja ya maji yangu. Alikuwa na mtungi wake mwenyewe, pembeni, haukusogelewa na moshi. Ilinichoma, sisemi uongo.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa akihamisha nyoka. Nyoka akionekana nyumbani kwa mtu au kwenye muhogo, watu walipiga hodi kwetu. Kwanza nyoka hupewa salamu mara tatu, akaombwa aondoke kwa heri. Akikataa, mama mkwe huulaza mtungi, mdomo umwelekee, kisha hukaa kimya. Nyoka aliyekosa pa kujificha hupenda shimo lenye kiza. Akishaingia, mdomo hufunikwa kwa kawa, ile ya ukili ya kufunikia chakula, naye hupelekwa mbali, maweni, akaachiwa vichakani. Nilimfuata mara nyingi nikimbebea kawa. Alinifundisha kama alivyonifundisha kupika kwao, yaani kwa kunifokea.

Kiangazi kimoja mguu ulimvimba hata kukanyaga hawezi. Asubuhi moja wanawake wakarudi mbio kutoka kisimani, ndoo tupu. Swila ameangukia ndani, kajikunja juu ya jiwe lililotokeza ubavuni, karibu kabisa na maji. Nacho ndicho kisima pekee chenye maji matamu. Vingine vyote kiangazi hugeuka chumvi. Nilipofika, shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuwa keshakusanya mawe.

"Ukimuua mle ataanguka majini aoze," nikamwambia. "Utatia udhu kwa maji ya mzoga?"

"Tutayateka yote, yatakuja mengine."

"Kiangazi hiki? Yatoke wapi?"

Akanitazama juu mpaka chini. "Basi mtoe wewe, mtu wa mjini. Adhana ya adhuhuri ikilia, mimi natupa mawe."

Nilirudi nyumbani mbio. Mama mkwe alinisikiliza, amelala chali kitandani. "Mtungi ufunge kamba mbili, shingoni na kitakoni, ushuke umelala. Usimkodolee macho, atakutemea sumu. Na usiwe na papara." Kisha akanishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Ukikosea, mwanangu, watasema nilikufunza bure."

Nikachukua mtungi wangu mzuri kuliko yote. Pale kisimani nikatoa salamu mara tatu, sauti inatetemeka, nikaushusha polepole. Ukatua juu ya jiwe, mdomo mbele ya swila. Akautazama, akarudi nyuma. Nikausogeza. Akainua kichwa, akatanua shingo, akajivuta pembeni mpaka mkia ukagusa maji. Watu wakaguna. Shemeji akaanza kulipimapima jiwe lake mkononi.

Wallahi nilitaka kulia. Nikauvuta mtungi juu, ulipofika puani nikaelewa. Ubani! Mtungi mzima unanuka moshi. Nyoka gani ataingia kwenye kitu kinachonuka moto? Nami niliufukiza jana yake kwa mkono wangu mwenyewe, mjinga mimi. Na ndivyo ilivyokuwa mitungi yangu yote. Nyumba nzima mtungi usiofukizwa ulikuwa mmoja tu.

Nilikimbia kanga mkononi. "Mama, nataka mtungi wako. Wangu una ubani!"

Alinitazama, akaangua kicheko na maumivu yake yote. "Mwaga maji, chukua. Kimbia!"

Mara ya pili sikutetemeka. Niliushusha, ukatua, nikatulia. Swila alikaa. Nikatulia zaidi. Jasho linaniingia machoni, sipangusi. Kule msikitini nikamsikia muadhini anakohoa, anasafisha koo. Shemeji akainama kuchukua jiwe la pili. Ndipo kichwa kikaingia mtungini, na mwili ukafuata, taratibu, kama kamba inayovutwa, mpaka ncha ya mkia. Nikavuta kamba zote mbili sawasawa. Adhana ilipoanza, kawa ilikuwa ishafunika mdomo na mimi nimeikamata kwa mikono miwili.

"Haya, shemeji," nikamwambia, "yaache mawe yako, unisaidie kubeba."

Akabeba. Kijiji kizima kilimwona anabeba. Tulifika maweni, nikaulaza mtungi, nikaondoa kawa nikiwa nyuma yake. Swila alitoka, akapotelea kwenye mawe. Tuliporudi, wanawake walikuwa wanateka maji na kupiga vigelegele. Sijawahi kutembea kwa madaha kama siku ile, hata siku ya harusi yangu.

Mama mkwe alikuwa amejikokota mpaka mlangoni, mguu umenyooshwa. Nikamwekea mtungi wake mbele yake. Akausukuma.

"Alimolala swila sinywei tena," akasema. "Nipe hayo ya mjini."

Nikamtekea kata. Akanywa yote, akanyoosha mkono nimwongeze. Akawa anainywa ya pili jirani wakapiga hodi, wamekuja kumshukuru kwa kukiokoa kisima.

"Mshukuruni huyu," akawajibu. "Mimi nimetoa mtungi tu."