Majani ya Mwanangu Kiangazi Hiki

Majani hayajambo, yameshakunywa. Mimi ndiyo sijanywa hata uji. Nakwambia mapema kwa sababu najua utauliza; hapa Biharamulo kila mtu anaanza na majani. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, akipiga simu kutoka kazini, sauti nyororo kama anabembeleza mtoto: "Mamaa, shikamoo, nyasi zinaendeleajee?" Marahaba yangu haingojwi.

Mwanangu alinifuata kijijini kwetu Keza. "Mama, umelima inatosha, njoo upumzike." Nikaja. Asubuhi ya kwanza nikakuta majani yamefika mpaka mlangoni, na kwetu majani yakifika mlangoni ujue wenyewe walishakufa. Nikatafuta jembe, nikaanza kuwasafishia. Mkwe akatoka mbio na taulo kichwani: "Mamaaa! Hiyo ni bustani!" Nikacheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka.

Tangu hapo kazi ya majani ikawa yangu. Mwanangu ananifundisha kwa sauti ya padri: "Jua likiwa kali usimwagilie, mama, yataungua. Alfajiri, au jioni. Na ulowanishe mpaka chini." Nilowanishe na maji gani? Kiangazi hiki bomba lenyewe linatoa upepo. Nakaa, nasikia limekohoa, naruka na mpira wa maji. Hamna kitu. Nakaa. Limekohoa tena, naruka.

Jirani yetu Msukuma akipitisha ng'ombe wake anasimama kwenye uzio. "Mama, sasa haya yanaliwa na nani?"

"Hayaliwi, baba. Yanatazamwa."

"Yaani hata ndama mmoja?"

Ng'ombe nao wanachungulia, mate yanawatoka.

Mimi mawazo yako Keza. Wenzangu wameshaanza kutifua mashamba ya maharage; mvua ya kwanza ikinikuta huku, mwaka mzima nitakula vya kuomba. Jumapili nikafunga nguo zangu kwenye kitenge, nikamsubiri mwanangu atoke kanisani. Akafika, hata salamu hajamaliza, akavua viatu, akaanza kuyakanyaga majani taratibu kama mtu anayejaribu godoro dukani. Upande wa jua yamegeuka njano. Akachuchumaa, akayashika.

"Baba," nikamwambia, "nirudishe nyumbani kabla mvua haijaanza. Nikalime."

Hakuinua hata kichwa.

"Mvua ikianza utarudi, mama. Majani hayatakuwa na haja na wewe tena."