Saumu Iliyokatika Alasiri

Uji wa mchele ukichemka na pilipili manga, mimi sina umri tena. Harufu ile ikinifika tu, narudi Buyenzi, kwenye ua wetu, Bibi kakaa kwenye kigoda anakoroga sufuria na huku anatugombeza sisi wajukuu tusisogelee moto. Mliokulia Bujumbura mnajua: mwezi wa Ramadhani, saa za alasiri, mtaa mzima unanukia futari, na watoto wanazungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Watoto tulifunga nusu. Ikifika adhuhuri unakula, kisha unajisifu kwamba umefunga. Lakini mwaka ule nilikuwa na miaka tisa, na nilichoka kufuturu jikoni na wadogo. Bibi alikuwa na sheria yake: anayefunga mpaka magharibi anakaa kwenye mkeka wa wakubwa, upande wake wa kulia, na yeye mwenyewe ndiye anayemmiminia uji. Binamu yangu Shabani alikuwa ameshaukalia mkeka ule, na maringo yake, jamani, hayakuwa na mfano. Nikaapa kwamba leo ni leo.

Tangu jana yake, kukojoa kulikuwa kunanichoma, na mgongo, huku chini ubavuni, ulikuwa unavuta. Sikumwambia mtu. Niliwasikia wakubwa kila mwaka wakisema saumu ni subira, na kwamba hufungi tumbo peke yake, unafunga mwili mzima. Nikaona basi, kumbe ndiyo hii! Nikajiona mcha Mungu kweli kweli.

Baada ya sala ya alasiri, jua bado likiunguza mabati, nikaanza kutetemeka. Meno yaligongana mpaka Shabani akacheka. Mafua sina, kikohozi sina, koo haliniumi. Ni baridi tu, imenishika ghafla, nikajikunyata ukutani penye jua.

Mama Zuhura, jirani yetu ambaye hakuna jambo lililompita, akatoa hukumu akiwa mlangoni kwake: "Ni saumu inamupiga huyo. Mumuache tu, magharibi iko karibu. Atapata thawabu."

Bibi akaweka mwiko chini. Akaja, akaniwekea kiganja shingoni, kisha kifuani. "Apana," akasema. "Njaa inatetemesha mutu, lakini haimuchomi hivi. Huyu mutoto iko na moto. Leteni maji!"

Mama akaleta kikombe cha bati, kile cha buluu kilichobanduka rangi mdomoni. Nikafumba midomo. Nalia, natetemeka, sifumbui. Mkeka ulikuwa umeshatandikwa, nauona kwa macho yangu! Bibi akanibembeleza: Mwenyezi Mungu mwenyewe kamruhusu mgonjwa afungue, atalipa siku nyingine, sasa we ni nani wa kukataa ruhusa ya Mungu? Sikutaka kusikia. Nikamjibu kitoto: "Kama si vibaya, we Bibi kunywa kwanza."

Bibi yangu hakuwa mtu wa kufungua ovyo. Hata mwaka alioumwa jino mpaka shavu likavimba, alifunga. Alinitazama, akasema bismillahi, akakiinamisha kikombe mdomoni, kisha akanipa. "Haya. Kunywa, mwanangu." Nikajiambia ananihadaa, amelowesha midomo tu. Lakini neno langu lilikuwa limenifunga mwenyewe, na kiu ilikuwa kali. Nikanywa.

Mama alinibeba mgongoni kwa kitenge kama kichanga, miguu yangu mirefu ikining'inia, tukaenda dispanseri. Njiani Bibi alikuwa na jibu lake tayari: malaria. Kwetu kila homa ni malaria. Muganga, kijana mpole, akanitoboa kidole, tukangoja. Malaria haikuonekana. Bibi akamtazama kana kwamba kipimo kimemtukana.

"Bibi, baridi na moto bila mafua haina mulango moja," muganga akasema. "Inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa tumbo, inaweza kuwa kidonda imeoza. Tutafute." Akaniuliza mimi mwenyewe. Umeharisha? Apana. Una kidonda? Apana. Ukienda kukojoa, inakuchoma?

"Ndiyo," nikasema kwa fahari. "Ni saumu."

Muganga aliuma mdomo asicheke. Mama alijishika kichwa. Bibi alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha nikaona kicheko kimeisha na machozi bado yanatoka. Mkojo ukapimwa, ugonjwa ukaonekana humo, na muganga alipogusa ubavu wangu nikaruka. Ulikuwa umeanza kupanda kwenye figo. Nikachomwa sindano, tukapewa dawa, tukaambiwa ninywe maji kwa wingi. Alisema tumefanya vizuri sana kutongoja kesho.

Tulifika nyumbani adhana ikilia. Bibi akanishika mkono, akanikalisha kwenye mkeka, upande wake wa kulia. Shabani akaruka: "Lakini amekunywa muchana!"

"Nyamaza," Bibi akamwambia. "Mukeka ni yangu." Akanimiminia uji, na sijawahi kunywa uji mtamu kama ule.

Baada ya Idi, nilipopona kabisa, Bibi aliniamsha kabla ya alfajiri nilipe siku yangu. Tulikula daku wawili tu, yeye na mimi, na mchana kutwa naye hakutia kitu mdomoni. Niliamini ananisindikiza. Nikatamba mtaani kwamba bibi yangu anafunga kwa ajili yangu, nani mwingine ana bibi kama huyo?

Bibi alipofariki, nilikuwa mtu mzima mwenye watoto. Mama akanipa kile kikombe cha buluu. Nikacheka, nikasema, "Hiki ndicho alichonidanganyia."

Mama akanishangaa. "Kukudanganya? Mi ndiye nilikijaza mpaka juu. Kilipokufikia wewe kilikuwa nusu."

Nikakaa chini. Alikunywa mbele ya Mama Zuhura, ambaye kabla ya isha angekuwa amelitangaza jambo hilo avenyu yote, mtaa mzima, na hakujitetea kwa mtu. Nimejivunia mambo mengi maishani, lakini hakuna ninalojivunia kama kuwa mjukuu wa mwanamke yule. Siku ile tulipofunga wawili, hakuwa ananisindikiza. Alikuwa analipa yake.