Korongo Hawakuwa Kwelea

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa Kilimo wa Wilaya pale Maswa alinikabidhi darubini na daftari, akaitazama sketi yangu.

"Mama, utaweza kushinda kwenye matete?"

"Nionyeshe yalipo," nikamjibu.

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu ndege. Nyinyi vijana msicheke. Kundi la kwelea, wale vindege walao nafaka, likipaa, huwezi kuwahesabu mmoja mmoja. Unahesabu mia, unashika machoni ukubwa wa ile mia, kisha unaupima juu ya kundi zima. Ukikuta mazalia, yaani mahali wanapojenga viota, unaandika taarifa, na eropleni inakuja kumwaga sumu. Nilichoandika mimi kiliua. Hilo sikulisahau hata siku moja.

Mwaka mmoja, mwezi wa tatu, mtama ukikaza punje, nilitumwa Ipililo kuhakiki kundi lililoripotiwa. Kwelea walikuwa wamekwisha kuhama. Bonde lilijaa korongo weupe, wale wanaokimbia baridi ya Ulaya. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia pamba alininyooshea jembe.

"Mayu, mama yangu, hao msiwaguse! Ndio wanaokula viwavi wa pamba yetu."

Nikarudi ofisini na habari hiyo. Afisa hakuipenda.

"Andika kwelea wapo."

"Hawapo, mkuu."

"Sumu imeshaombwa. Mkoani nikaseme nini?"

"Sema wamehama."

"Nani atajua?"

"Mimi najua."

Akanisukumia fomu. Nikaiacha mezani bila sahihi, nikatoka. Nilikuwa na watoto watatu shuleni na mshahara ni huohuo.

Lakini kukataa tu kungekuwa uzembe, maana kwelea walikuwa wanakula mtama wa mtu mahali fulani. Nilitembea siku mbili nikiuliza wachungaji, hadi nikawakuta kwelea wenyewe kwenye pori la migunga. Nikaandika taarifa kwa jina langu. Eropleni ikaenda huko, mtama ukapona, na korongo wakaondoka kwa wakati wao.

Afisa alipongezwa. Mimi nilipewa barua ya uhamisho kwenda Kiloleli, "kwa manufaa ya kazi." Nikaenda. Nikahesabu ndege wa Kiloleli hadi nikastaafu, na hakuna taarifa yangu hata moja ninayoionea haya.

Sasa naishi Nyalikungu. Uani nimeweka sinia la maji na mtama kidogo. Wanakuja chiriku, hua na shorwe. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, hachoki kunisema.

"Mama Kulwa, ulilipwa kuwaua, leo unawalisha?"

"Nililipwa kuwajua, mwalimu. Na sinia halitoki pale."