Mama Vishindo na Ngumi ya Mwalimu

Siku Mpwa alipoingia na kompyuta yake mpya, Mama Vishindo alikuwa anazaba kabichi makofi. Macho kayakaza kwenye skrini, na kila mpishi wa kwenye filamu alipogongwa kichwani, kabichi nayo ilipata haki yake. Mpwa akasimama mlangoni, akacheka kidogo.

"Mama, hiyo peleka jikoni ikaliwe. Kuanzia leo vishindo vyote vimo humu," akasema, akiipigapiga kompyuta mgongoni.

Kwa asiyejua, kazi yenyewe ilikuwa hivi. Studio ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la rangi, kuta zote zimetundikwa mablanketi ili kelele za barabarani zisipenye. Filamu za zamani za kung fu zilifika pale maneno na makonde yakiwa yamechanganyika, na huwezi kufuta maneno ya kigeni ukabakiza makonde. Ukifuta, umefuta vyote. Basi wasemaji walikuja wakaweka maneno ya Kiswahili, wakaenda zao, na mtu mmoja akabaki kutengeneza upya kila kofi, kila teke na kila benchi lililovunjika. Kwa miaka ishirini na miwili mtu huyo alikuwa Mama Vishindo. Aliajiriwa kufagia, siku moja mzee mwenye studio akamsikia akimwigiza kwa mdomo mtu anayeporomoka ngazi na ndoo, na ufagio akapewa mwingine.

Alikuwa na meza mbili, na ole wako umchanganyie vitu. Meza ya kicheko ilikuwa na kabichi, sufuria iliyobonyea, kandambili iliyoloweshwa maji na mfuko wa maharage makavu. Meza ya ugomvi ilikuwa na ngozi ya kiti cha gari, gunia la mchanga na mabua makavu ya kuvunjia watu mikono. Filamu zile zina ujanja wake. Mtu anajikwaa kwenye benchi, unacheka, na kabla hujafunga mdomo kaliinua benchi lile lile kamvunjia mwenzake mguu. Kazi ya Mama Vishindo ilikuwa kuhama meza pale pale, katikati ya pumzi, asiwahi wala asichelewe.

"Sikio ndilo linalomwambia mtu acheke au aogope," alizoea kusema. "Jicho linafuata nyuma."

Mpwa hakuyajua hayo, na ubaya ni kwamba hakujua kwamba hajui. Alikuwa mtoto wa dada yake mzee mwenye studio. Mzee mgongo umemshinda, kakaa nyumbani, kampa funguo. Kijana mpole, shati limenyooka, anasalimia vizuri. Na ndani ya kompyuta yake mlikuwa na sauti nane za vipigo.

Nane! Mwanamke aliyekuwa na makofi ishirini ya shavuni pekee, la mke, la deni, la mlevi kumpiga mlevi, anaambiwa nane zinatosha dunia nzima.

"Na huyu anayepigwa mwiko, na yule anayevunjwa mbavu, wote unawapa mlio mmoja?" akauliza.

"Ngumi ni ngumi, mama."

"Enhe. Na mama ni mama. Mbona jioni hujiendei tu kwa mama wa jirani, unatafuta wako?"

Mpwa akacheka, akadhani ni utani. Filamu ya mpishi akaimaliza peke yake kwa siku mbili, halafu akaita watu wa kituo cha televisheni waje waitazame kabla ya kuichukua. Mama Vishindo naye aliitwa. Aliitwa alete chai. Akaombwa kwa adabu kabisa, na adabu yenyewe ndiyo iliyomchoma. Mtu akikutukana angalau unapata pa kuanzia.

Wageni walikuwa watatu, wanaume wawili na mama mmoja wa makamo mwenye miwani. Pembeni alikaa Sauti Nzito, yule msemaji aliyempa maneno mwalimu wa kwenye filamu. Mpishi akaanza vituko vyake: kateleza kwenye mafuta, kamwagia adui unga, kapiga mtu kwa mfuniko, mfuniko ukarudi ukampiga mwenyewe. Kompyuta ikalia "dish!" kila mara, na wageni wakacheka. Mama Vishindo akamimina chai akiuma meno. Kwa vituko, tuseme ukweli, ilifaa. Si sana, lakini ilifaa.

Kisha ikafika pale alipokuwa anapangoja. Mwalimu mzee wa mpishi anaingia kumtetea mwanafunzi wake. Hakuna utani tena. Adui anageuka, anampiga ngumi moja tu chini ya mbavu, na mzee anakaa chini taratibu. Hainuki tena.

"Dish!" ikasema kompyuta.

Wageni wakaangua kicheko. Mmoja akapiga paja. Chini ya kicheko hicho sauti ya Sauti Nzito ikasikika ikimuaga mwanafunzi, maneno aliyoyarudia siku tatu mpaka koo likauma, na hakuna aliyeyasikia hata moja. Sauti Nzito akainamisha kichwa, akaanza kuchunguza viatu vyake.

Mama Vishindo akaweka birika chini.

"Simamisha."

"Mama, tuna wageni," Mpwa akanong'ona.

"Nimesema simamisha! Nyie mnacheka nini? Mzee wa watu anakufa pale!"

Wakatazamana. Yule mama wa miwani akaona aibu. "Tusamehe," akasema. "Mimi nilidhani bado ni vituko. Nilikuwa nasubiri ainuke."

"Filamu yenyewe ya zamani," Mpwa akawaeleza. "Hao waigizaji wa zamani walikuwa wanachanganya mambo. Nitaongeza sauti hapo, itaeleweka."

Hilo ndilo lililomshinda. Kumnyang'anya mtu kazi ni jambo moja, lakini uharibu kazi ya watu, halafu uwasingizie wao ambao hawapo kujitetea! Damu ikampanda Mama Vishindo mpaka masikioni. Akavua aproni ya chai, akamwekea Mpwa mapajani.

"Nipe ngumi hiyo moja. Moja tu. Wakicheka tena, nafungasha vitu vyangu sasa hivi, na hutanisikia tena humu ndani. Wasipocheka, filamu nzima narudia mimi, na hicho kidude chako kikalie huko kwenye matangazo ya sabuni."

Mpwa akawaangalia wageni ili wamwokoe. Wageni wakamwangalia yeye.

"Mpe," akasema yule mama.

Mama Vishindo akasogea kwenye kipaza sauti. Akaomba feni izimwe. Mpwa akamtazama aone atachukua nini, ngozi au gunia la mchanga, lakini zile meza mbili Mama Vishindo alizipita zote. Akawapa mgongo. Akakunja ngumi, akajipiga mara moja chini ya mbavu.

Kilichosikika kilikuwa kidogo na kizito, kama gunia la unga likiwekwa chini na mtu asiyetaka kuamsha wenye nyumba. Halafu pumzi ikamtoka, fupi, na ikakawia kurudi.

Mpwa akaipachika mahali pake, akarudisha filamu nyuma. Mpishi akateleza, wageni wakacheka. Mfuniko ukaruka, wakacheka. Mwalimu akaingia. Ngumi ikampata.

Hakuna aliyecheka. Mzee akakaa chini taratibu, na kila neno la Sauti Nzito likasikika mpaka la mwisho. Yule mama alikuwa amenyanyua kikombe. Akakirudisha bila kunywa. Mpwa mwenyewe ndiye aliyeizima filamu.

"Lakini mama," akasema, na safari hii hakuwa anabisha, "mbona ni ndogo hivyo? Karibu isisikike."

"Ya kweli ndiyo ilivyo. Inayolia sana ni ya kuchekesha."

"Wewe umejuaje?"

Mama Vishindo akavuta kiti, akakaa. Alikuwa bado na hasira, lakini si ya Mpwa tena.

"Niliolewa miaka tisa," akasema, "na mtu mpole sana mbele za watu. Kuta zetu zilikuwa za mabanzi, jirani akikohoa unamwambia pole. Na hakuna jirani hata mmoja aliyewahi kusikia kitu. Asubuhi nikitoka kuchota maji nachechemea, wananiuliza una nini. Basi nawaigizia mlevi anayerudi nyumbani. Naanguka, nainuka, naangusha ndoo. Wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mimi nasimama pale nawaangalia wanavyocheka, nasema moyoni, hivi hawa watu kweli hawasikii?"

Mpwa akaikunja kompyuta, akaisogeza pembeni. Kisha akairudisha filamu mpaka mwanzo, Mama Vishindo aanze upya.