Upo? Nipo

Binti yangu wa kwanza nyumbani tunamwita Fundi Nipo. Jina nimempa mimi mwenyewe, kwa hasira, maana vikasha vyake vya redio vimetapakaa sebuleni, kimoja juu ya cherehani yangu, na kutwa vinaulizana: "Upo?" "Nipo." Kazi yake ni kuvitungia kanuni, ili kimoja kikizimika, kikihama au kikichanganyikiwa, vilivyobaki vijipange upya bila kuguswa na mtu. Vitabebwa na waokoaji, mahali minara ya simu imeanguka.

"Kisipojibu mara tatu, wenzake wanakifuta," aliniambia.

"Makubwa! Hata mgonjwa hapewi nafasi?"

Vikasha vya majaribio vilikuwa vitano. Cha tano kiliondoka kikiwa mfukoni mwa mdogo wake, Kitinda wangu, miaka mitatu iliyopita, siku niliyomwambia mbele ya wageni: "Ukivuka mlango huo, mimi si mama yako." Mdomo huu! Akavuka. Tangu hapo kimya, nami nasubiri aanze yeye, si mimi ndiye mzazi? Lakini nimemkumbuka mwanangu mpaka nakata suruali ya mteja najikuta nimefuata kipimo cha Kitinda.

Siku chache zilizopita binti alirudi kutoka kazini macho mekundu. Jaribio lilikuwa linagoma, ujumbe unapotea njiani. Mkuu wake akapekua kanuni akakuta mstari mmoja: namba tano isifutwe kamwe. Miaka mitatu vikasha vinampelekea Kitinda ujumbe usiofika.

"Ulisahau kuuondoa?"

"Sikusahau, Mama. Leo nimeuondoa. Kwa sekunde kumi na moja tu vikajipanga."

Nikawaka. "Umemfuta ndugu yako!"

"Mimi nimefuta namba. Aliyemfuta mtu ni wewe."

Nikageukia cherehani, nikaanza kukanyaga kwa nguvu. Binti akakaa chini, akasema taratibu kwamba katika kanuni zake aliyefutwa hajafungiwa mlango. Akirudi, hata kama kumbukumbu zimevurugika zote, atamke "Nipo" mara moja tu, wanampokea. Hakuna anayemuuliza alikuwa wapi.

"Na nani anaanza kumwita mwenzake?"

"Yeyote. Mwanzoni nilikosea, kila kimoja kikawa kinasubiri mwenzake aanze. Vyote vizima, betri zimejaa, na vyote kimya. Nilihangaika miezi miwili kutafuta ubovu, kumbe hakuna kilichoharibika."

Miezi miwili! Mimi yangu miaka mitatu. Nikaondoa mguu kwenye cherehani, nikachukua simu. Namba ya Kitinda naijua kwa moyo. Nikaandika: "Upo?"

Leo ni siku ya tano. Asubuhi binti aliniona nashika simu tena, akaniuliza polepole, "Mama, hajajibu mara ngapi sasa?"

"Hiyo tatu ni ya vikasha vyako," nikamwambia, nikatuma.